Mutwanga: Mtu asiyependa makelele, nani atamsemea kwenye bei?

Matokeo ya Egzeta yakishatoka, kijana wa Mutwanga ambaye familia haina makuta ya kumtuma asome zaidi Butembo ao Beni anapewa shauri zile zile: tafuta moto uwe motari, ingia mu kakao, ao uza vitu sokoni. Ni shauri zinazofaa watu wengi. Zinamfaa hasa yule anayejua kuita mteja kwa mbali, kucheka naye na kubishana naye juu ya bei mpaka mwisho bila kuchoka.

Lakini katika kila kartie yuko kijana mwingine. Anachora pembeni ya daftari. Anawashonea wadogo wake nguo kwa sindano ya mkono. Anafungua redio mbovu na kuifunga tena mpaka iseme. Siku moja ya soko inamchosha kuliko siku tatu za kulima. Majirani wanamwangalia na kusema: « Huyu ni mpole mno, biashara hataiweza. »

Je, ni kweli? Ukiangalia vizuri kazi ndogo ndogo zinazofanyika Mutwanga na katika sekta nzima ya Rwenzori, unakuta kwamba kazi kwa mtu wa namna hii zipo, na mikono ya kuzifanya ipo. Mambo yanapoharibikia ni pahali pengine: kwenye bei ambayo haikuandikwa, kwenye deni ambalo mtu anaona haya kulidai, na kwenye mkopo uliochukuliwa mapema mno. Upole wenyewe haufilisishi mtu. Kinachomfilisisha ni kufanya kazi bila utaratibu wa kumlinda pale ambapo mdomo wake haumlindi.

Kwa nini tunafikiri biashara ni mdomo

Fikra hiyo haikutoka hewani. Huku kwetu, mfano wa mtu aliyefanikiwa ni mfanyabiashara wa Butembo. Mwalimu Vwakyanakazi Mukohya aliandika juu ya wafanyabiashara wa mji huo kati ya 1960 na 1980, na utafiti wake ulionyesha namna walivyopanda wakitegemea barabara, mboga, kahawa na mipaka, wakati Serikali ilikuwa karibu haiwasaidii kitu. Baadaye walifika mpaka Dubai na China kuleta bidhaa. Ni historia ya kujivunia. Ni historia pia ya watu wa safari, watu wenye kujuana na wengi na kuingia kila ofisi kutafuta njia ya mzigo.

Mtoto aliyekua akisikia mifano hiyo anajiuliza: kama siwezi kuishi hivyo, nitaishi namna gani? Tangu 1921, mganga wa akili wa Uswisi, Carl Jung, alieleza katika kitabu chake kwamba kuna watu ambao nguvu zao zinaelekea nje, kwa watu wengine, na kuna wale ambao nguvu zao zinaelekea ndani. Hakusema kama mmoja ni mgonjwa na mwingine ni mzima. Mtu wa ndani anaweza kuongea, kuimba kanisani, hata kufundisha. Ila kuwa katikati ya watu kunamchosha, halafu anahitaji muda peke yake ili apate nguvu tena. Kumlazimisha awe mchuuzi wa barabarani ni sawa na kumpa fundi wa saa kazi ya kupasua mawe. Ataifanya, lakini kwa muda gani?

Vita imefunga njia za kawaida

Swali hilo lingekuwa la familia tu kama hali ya inchi ingekuwa nzuri. Lakini tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura, ile inayoitwa état de siège. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo, majeshi ya Kongo na Uganda yalianza operesheni Shujaa kupigana na ADF. Pamoja na hayo, mashambulizi katika teritware ya Beni hayakuisha, na wakulima wengi wanaogopa kufika kwenye mashamba ya mbali, zaidi wakati wa kuvuna kakao.

Kakao yenyewe ilivuta kila mtu. Mwezi wa kumi na mbili 2024, bei kwenye soko la dunia ilipita dola 12,000 kwa tani moja, halafu katika mwaka 2025 ikashuka sana. Aliyekuwa ameweka matumaini yake yote mu kakao alijifunza kwamba bei inaamuliwa mbali, na njia ya kufika shambani inaamuliwa na wenye bunduki. Motari naye yuko barabarani kila siku, kwenye barabara ile ile ya Beni–Kasindi ambayo wakaaji wanaijua kwa mazuri na kwa mabaya.

Halafu, kisha M23 kuingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, uongozi wa jimbo ulihamia Beni. Wafanyakazi na ofisi walifika pamoja nao, na watu wa ofisi wanahitaji karatasi za kuandika, vibao, nguo za kushona, vitu vya kutengeneza. Kwa hiyo kazi inayofanyika ndani ya nyumba, karibu na kwao, imepata sababu mpya. Haikingi mtu na vita, na hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Lakini haimlazimishi kupita porini kila asubuhi.

Mutwanga ina kitu kingine ambacho vijiji vingi havina: umeme. Tangu 2013, mtambo mdogo wa maji wa Hifadhi ya Virunga, wa kilowati 400, ulianza kutoa umeme chini ya mlima Rwenzori. Kiwanda cha sabuni cha SICOVIR kilijengwa hapa kwa sababu hiyo. Umeme huo uliosukuma kiwanda unaweza pia kuwasha kompyuta moja, pasi moja na mashini moja ya kushona yenye mota katika chumba kimoja.

Kazi zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni kushona, lakini kwa namna fulani. Fundi mwenye kungojea mteja mmoja mmoja analetewa kikwembe kimoja na maneno kumi. Fundi anayeshona yunifomu za shule, shati nyeupe na kitambaa cha bluu, anashona nguo ile ile mara nyingi. Vipimo ni vitatu ao vine vinavyojulikana, bei ni moja, na kazi kubwa inafanyika kabla ya mwezi wa tisa. Mtu asiyependa majadiliano anafaa zaidi kwenye kazi ya pili hii. Ni vile vile kwa nguo za kwaya ya kanisa: anazungumza na mtu mmoja tu, mkubwa wa kwaya, na anashona nguo 30.

Ya pili ni kuandika vibao na kuchora. Duka, famasi, shule, kanisa, kila pahali panahitaji jina mlangoni. Mashini za kuchapa za Beni na Butembo zimechukua kazi ya banderoli, ni kweli. Lakini ukuta wa shule hauchapwi na mashini. Ramani ya Kongo ukutani, mwili wa mtu kwa ajili ya somo la biolojia, maneno ya usafi karibu na choo: hayo bado yanahitaji mkono wa mtu, na mchoraji anayafanya peke yake wakati watoto wako likizo.

Ya tatu ni kompyuta: kuandika na kupanga kazi za mwisho za wanafunzi, barua, ripoti za vyama, kadi za ndoa. Hapa anayeshinda ni yule asiye na makosa katika maandishi, hata kama hana maneno mengi mdomoni. Mwanafunzi akiona kazi yake imerudi safi, anamtuma mwenzake.

Ya ine ni sauti na picha: kukata na kupanga sauti za matangazo, kusafisha wimbo wa kwaya, kutengeneza video fupi ya ndoa. Mpiga picha yuko katikati ya watu siku ya sherehe, lakini yule anayepanga picha kisha sherehe anabaki chumbani na kompyuta yake. Wawili hao wanaweza kugawana kazi.

Kuna pia kusuka vitunga na mikeka, kutengeneza simu na redio, na kupanda miche ya miti na maua nyuma ya nyumba. Zote zinafanana kwa kitu kimoja: mtu anakaa na kazi yake muda mrefu, na anakaa na mteja muda mfupi.

Muda ule mfupi njo wenye hatari

Tuchukue hesabu ya mfano, ili kuona tu namna mambo yanavyokwenda; si bei ya soko. Kibao cha duka kimepatanwa dola 20. Bati na mbao ni dola 5, rangi dola 6, usafiri dola 1. Jumla ni dola 12. Mchoraji anabaki na dola 8 kwa siku mbili za kazi, maana yake dola 4 kwa siku.

Mteja anakuja kuchukua kibao. Anasema: « Yaya, si unanijua? Unipunguzie kidogo. » Mchoraji hapendi maneno, anaona haya, anatoa dola 5. Kwake zinabaki dola 3, yaani dola moja na nusu kwa siku. Mteja mwingine anachukua kibao na kusema atalipa mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha, mchoraji anaogopa kwenda kugonga mlango wake. Hapo hakubaki na kitu, na zile dola 12 za rangi na bati zimetoka kwenye mfuko wake.

Sasa chukua hesabu ile ile kwa namna nyingine. Bei ya dola 20 imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Mteja anatoa dola 12 kabla kazi haijaanza. Ndugu yake mchoraji, mwenye mdomo mzuri, njo anapokea wateja na anapata dola 2 kwa kila kibao. Mchoraji anabaki na dola 6. Amemlipa mtu wa kumsemea, na bado amepata mara mbili ya zile dola 3 zilizobaki alipojisemea mwenyewe. Na mteja akikataa kumaliza deni, hasara ni ya siku mbili za kazi, mtaji haukuguswa.

Hesabu hiyo ndogo inafundisha mambo matatu ambayo fundi mpole anapaswa kuyaweka kabla hata ya kununua chombo cha kwanza: bei iliyoandikwa, avansi yenye kutosha vifaa vyote, na mtu wa kusema. Bei ikiwa ukutani, hata rafiki anaona haya kuomba ishuke, sababu haombi tena mtu, anabishana na ukuta. Avansi inachuja pia: mteja asiyetaka kuitoa leo, hakuna alama kwamba atalipa kesho.

Juu ya mtu wa kusema, Afrika ina mifano inayojulikana. Huko Tanzania, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwenye mbao nyepesi kwa rangi ya baiskeli, katika mji wa Dar es Salaam. Yeye alichora, na mke wake, Agatha Mataka, njo aliyekuwa anauza picha hizo mbele ya duka la Morogoro Stores, ambapo wageni walikuwa wanapita. Alikufa 1972, lakini namna yake ya kuchora imebaki na jina lake, na mpaka leo inalisha familia nyingi.

Kinshasa kuna njia nyingine. Chéri Samba aliingia mjini 1972 kufanya kazi ya kuandika vibao, na 1975 akafungua atelye yake mwenyewe. Alikuwa anatundika picha zake nje, barabarani. Akaona kwamba akiandika maneno juu ya picha, wapita njia wanasimama muda mrefu zaidi kuyasoma. Basi akaendelea kuandika. Wapita njia walisimama bila yeye kuwaita. Fundi wa Mutwanga hana lazima ya kuwa Chéri Samba, lakini shati moja iliyoshonwa vizuri na kutundikwa mlangoni, na bei yake pembeni, inafanya kazi ile ile. Komunike kwenye redio inafanya hivyo pia: unaiandika mara moja, mwingine anaisoma.

Mkopo: presha inayoingia kwa mlango wa nyuma

Kazi ya utulivu inaweza kugeuka kuwa mateso kama ilianza kwa mkopo mkubwa. Mashini mpya, jenereta, printa, vyote kwa mara moja, na kila wiki kuna tarehe ya kurudisha. Mtu ambaye hapendi kusukumwa anajikuta anasukumwa kila siku, na katika mikopo ya kikundi anasukumwa mbele ya wenzake. Basi anakubali kazi yoyote, kwa bei yoyote. Bei yake ya ukutani inakufa hapo.

Njia yenye presha ndogo inaenda polepole. Anza na chombo kimoja, hata cha kukodisha. Faida ya kibao cha kwanza inunue burashi ya pili. Kwa kuweka akiba, vikundi vya AVEC vimesaidia wengi huku mashariki. Utaratibu huo ulianzia Niger 1991 na shirika la CARE: watu wachache wanaojuana wanakutana kwa siku iliyopangwa, kila mmoja anaweka sehemu yake, kasha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu tofauti. Mtu mpole anaweza kufikiri kwamba kikundi si kwake. Lakini katika AVEC inayoendeshwa vizuri, kila mtu anaitwa kwa zamu yake na kanuni zimeandikwa. Haihitaji kugombania neno. Likelemba ya marafiki ni nzuri pia, ila kama hakuna daftari, yule asiyependa kudai njo anayepokea wa mwisho.

Kuhusu simu: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinamsaidia fundi kupokea avansi bila kuonana na mteja, na ujumbe unaobaki kwenye simu ni ushahidi. Asubiri ujumbe huo uingie kwenye simu yake mwenyewe mbele ya kununua rangi, sababu picha ya ujumbe kwenye simu ya mteja haitoshi.

Sheria inasema nini

Wengi wa mafundi hao wanajificha kwa kuogopa watu wa kodi. Kujificha nako kuna gharama: anayekuja kutisha hajulikani ametoka wapi, na fundi analipa bila karatasi. Ordonansi-sheria ya tarehe 8 mwezi wa nane 1990 juu ya biashara ndogo inaweka patenti, na patenti hiyo inalipwa kwa kitansi. Ni afadhali kwenda ofisini mara moja, pamoja na mtu anayejua kusema kama inafaa, kuuliza kiasi na kubaki na karatasi, kuliko kutoa kidogo kidogo kila wiki kwa yeyote anayepita.

Kongo iliingia pia katika OHADA mwezi wa tisa 2012. Sheria yake ya biashara inamtambua mfanyakazi mdogo wa peke yake, kwa Kifaransa « entreprenant ». Anatangaza shughuli yake bila kuandikishwa katika rejista kubwa ya biashara. Lakini anapaswa kushika daftari, siku kwa siku: kilichoingia kimetoka wapi, kilichotoka kimeenda wapi. Kwa mtu wa utulivu hilo si mzigo. Daftari hilo njo linamwonyesha nani ana deni lake, bila yeye kutegemea kumbukumbu ao maneno.

Kwa mama na dada, kuna jambo moja la kujua. Tangu sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliyobadilisha Kodi ya Familia, mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana wake ili afanye kazi yake na kuweka sahihi yake. Bado kuna nyumba na ofisi ambako wanamwuliza bwana. Sheria imeisha kuacha hilo.

Nani anayemlipa mpole?

Kuna upande mmoja ambao fundi hawezi kuutengeneza peke yake. Hapa kwetu, wateja wakubwa wa kazi hizi hawako sokoni. Ni shule, parokia na makanisa, vyama, mashirika na ofisi. Wanaagiza yunifomu 40, ukuta wa kuchora, ripoti ya kurasa 60. Wateja hao njo wenye kazi inayofaa mtu mpole: oda kubwa, mazungumzo machache. Njo pia wenye kuweza kumwumiza zaidi, sababu nani ataenda kumdai mkubwa wa shule ao padri deni la miezi mitatu? Mwenye mdomo ataenda. Mpole atangoja, halafu siku moja atafunga mlango, na watu watasema tena kwamba biashara hakuiweza.

Kwa hiyo shauri haliendi kwa kijana tu. Kamati ya wazazi inayoagiza yunifomu mwezi wa nane inaweza kuandika mkataba wa ukurasa mmoja: idadi, bei, siku ya kutoa, siku ya kulipa. Parokia inayotaka banderoli ya sikukuu inaweza kutoa makuta ya rangi siku ile ile ya kuagiza. Chama kinachoandikisha ripoti kinaweza kulipa siku ya kuichukua. Makuta yenyewe ni yale yale. Kinachobadilika ni siku yanapotoka mkononi. Na katika eneo ambalo shamba halifikiki kila siku, siku hiyo njo inayoamua kama fundi atabaki na atelye yake, ao ataenda kutafuta moto ya kukodisha.